Sukari ya baba ilikuwa sawa, kiharusi kimetoka wapi?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, tunaishi Tanga. Baba yangu ana miaka 61 na huu ni mwaka wa tisa tangu aambiwe ana kisukari. Anameza metformini na glibenklamaidi, sukari yake ya asubuhi kabla hajala huwa kati ya 6 na 7, na tangu siku hiyo hajatia sukari kwenye chai wala kugusa soda. Wiki mbili zilizopita, baada ya chakula cha jioni, mdomo ulimpinda, mkono wa kulia ukalegea na maneno yakawa hayaeleweki. Baada ya kama saa moja akarudi sawa. Majirani walisema ni upepo mbaya, akasomewa, na hospitali hakwenda kwa kuwa alishakuwa mzima. Presha yake huwa 150 kwa 90, na tumeambiwa kwa umri wake si mbaya. Mimi ndiye ninayepika. Kama sukari iko sawa, hiki kitu kimetoka wapi? Nibadilishe nini jikoni? Wapo wanaosema niache nazi kabisa, wapo wanaosema nazi ni dawa. Na sisi watoto wake tuko salama?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Jikoni nitafika, maana swali lako la nazi lina jibu. Lakini kwanza naomba baba aende hospitali leo hii, hata kama anajisikia mzima na anakwambia umuache apumzike.

Ulichokieleza kina sura zote za kiharusi cha muda mfupi. Damu ilizibiwa njia kwenye sehemu ya ubongo, kisha kizuizi kikayeyuka chenyewe kabla sehemu ile haijafa. Kupona ndani ya saa moja ni bahati, si ushahidi kwamba hatari imepita. Siku na wiki za mwanzo baada ya tukio kama hilo ndizo ambazo kiharusi kikubwa hufuata mara nyingi zaidi. Mwaka 2007 madaktari wa Oxford, Uingereza, walitoa matokeo ya kuwaanzishia tiba haraka watu wa namna hii, badala ya kuwaacha wangoje miadi ya wiki kadhaa. Waliopata kiharusi kingine ndani ya miezi mitatu walishuka kutoka asilimia 10 hivi hadi 2. Na dawa zenyewe hazikuwa ngeni: aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, statini ya kushusha lehemu (kolesteroli), na dawa za presha. Dawa za aina hizo zipo nchini. Kilichookoa watu ni kuwahi.

Usimwanzishie aspirini nyumbani kabla hajaonwa. Viharusi vingine hutokana na mshipa kupasuka na damu kuvuja, na huko aspirini huongeza madhara. Mwombe daktari CT skani ya kichwa, kipimo cha umeme wa moyo ili kuona kama mapigo yake yanakwenda ovyo (moyo wa namna hiyo hugandisha damu ndani yake na kuirusha kichwani), kipimo cha lehemu, cha figo kwa damu na kwa mkojo, na HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu. Kama kuna altrasaundi ya mishipa ya shingo, nayo afanyiwe.

Kuhusu kusomewa, sina ugomvi na dua ya mtu yeyote. Msomeeni mkiwa ndani ya gari. Mwambao wetu wote, kuanzia Lamu hadi Mtwara, watu wamezoea kuona mdomo umepinda wakafikiria shetani au upepo kabla ya kufikiria ubongo, na mgonjwa hufikishwa hospitali siku ya tatu. Mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, chembe hai za ubongo zinazokufa kila dakika inakadiriwa kuwa karibu milioni 2. Sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, inatakiwa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili ianze. Ikitokea tena, angalieni uso kama umepinda upande mmoja, mkono kama unashuka anapoinua yote miwili, maneno kama yanaburuzika, kisha angalieni saa na muondoke. Wakati gari linatafutwa, mpimeni sukari. Glibenklamaidi inaweza kushusha sukari mno, na sukari ikishuka sana mtu anaweza kulegea upande mmoja na kupoteza kauli, ukadhani ni kiharusi. Hiyo ya kushuka hutibiwa kwa glukosi, mradi mgonjwa anaweza kumeza.

Sasa swali lako lenyewe. Ni swali ambalo ningependa kila familia yenye mgonjwa wa kisukari iulize kabla ya kiharusi, maana ndani yake kuna jambo ambalo sisi wahudumu wa afya hatujalisema kwa sauti ya kutosha. Kisukari aina ya 2 ni ugonjwa wa mishipa ya damu ambao tunautambua kwa kupima sukari. Tumewafundisha watu kuitazama sukari, na baba yako ameitazama kwa uaminifu wa miaka tisa. Hakudanganya masharti hata siku moja. Masharti yenyewe yalikuwa mafupi mno.

Ukuta wa ndani wa mshipa una utando mwembamba ulio hai. Utando huo ndio unaoufanya mshipa utanuke, damu ipite bila kuganda, na mafuta yasipenye ukutani. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu hujibandika kwenye protini za utando huo na kuudhoofisha. Lakini si sukari peke yake. Mtu mwenye kisukari aina ya 2 kwa kawaida ameishi miaka kadhaa kabla ya kugunduliwa akiwa na mwili usioitii insulini, ile homoni inayoiondoa sukari kwenye damu. Miaka hiyo ini humwaga mafuta mengi kwenye damu, lehemu nzuri hushuka, chembe za lehemu mbaya huwa ndogo na nzito zinazopenya kirahisi, presha huanza kupanda, na chembe sahani, zile za kugandisha damu, huwa nyepesi kugandana. Kwa hiyo siku baba alipoambiwa ana kisukari, huenda mishipa yake ilishaanza kuumia zamani. Mshipa ukiziba kwenye moyo tunaita shambulio la moyo, ukiziba kwenye ubongo tunaita kiharusi, ukiziba mguuni kidonda hakiponi. Ugonjwa ni ule ule. Watu wenye kisukari hupata magonjwa hayo ya moyo na kiharusi takriban mara mbili ya wasio na kisukari, na wengine zaidi ya hapo.

Kama tatizo ni mishipa, basi kushusha sukari tu kungetosha? Hilo limepimwa vizuri. Uingereza walifanya utafiti mkubwa unaojulikana kama UKPDS, matokeo yakatoka 1998. Waliowekewa sukari chini zaidi walipata faida kubwa kwenye macho na figo: madhara ya mishipa midogo yalipungua kwa robo. Kwenye moyo faida ilikuwa ndogo, ikaja kuonekana wazi miaka 10 baadaye. Kwenye kiharusi haikuonekana. Marekani na Kanada walijaribu kwenda mbali zaidi, wakataka HbA1c ishuke chini ya asilimia 6, na mwaka 2008 wakalazimika kusimamisha sehemu hiyo ya utafiti kwa sababu waliosukumwa hivyo walikufa wengi zaidi kuliko wenzao.

Usije ukasoma hapo kwamba sukari haina maana. Ina maana kubwa, na baba asiiachie. Ninachotaka uone ni kipande cha pili cha UKPDS, ambacho kinamhusu baba yako utadhani waliandika wakimfahamu. Walichukua wagonjwa 1,148 wa kisukari wenye presha, wakawagawa. Kundi moja presha yao ilikaa wastani wa 154 kwa 87. La pili, kwa dawa zaidi, ilikaa 144 kwa 82. Tofauti ni ndogo, 10 tu kwa ile ya juu. Kundi la pili lilipata viharusi pungufu kwa asilimia 44, na vifo vinavyotokana na kisukari pungufu kwa asilimia 32.

Kwa hiyo ile 150 kwa 90 mliyoambiwa si mbaya kwa umri wake ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote kwenye barua yako. Kwa mtu mwenye kisukari, tena aliyekwisha kuonja kiharusi, presha hiyo ni ya kutibiwa. Shabaha inayofuatwa siku hizi kwa wengi wao ni chini ya 130 kwa 80, ikiwa mwili unaihimili. Uzee haufanyi presha kubwa isiwe na madhara. Wala baba asingoje kuumwa kichwa ndipo aamini ana presha, kwa sababu watu wengi wanatembea na 170 bila kuhisi kitu. Nunueni mashine ya presha ya mkononi, ile ya kufunga juu ya kiwiko. Apime asubuhi na jioni akiwa amekaa dakika tano, mwandike kwenye daftari, daftari liende kliniki.

Na statini nayo. Mwaka 2004 utafiti wa watu 2,838 wenye kisukari, wasiokuwa na historia ya ugonjwa wa moyo, ulionyesha kwamba kidonge kidogo cha statini kila siku kilipunguza viharusi kwa karibu nusu, hata kwa wale ambao lehemu yao haikuwa juu. Hukuitaja kwenye orodha ya dawa za baba. Uliza kwa nini haipo.

Denmark ndiko walikochanganya yote kwa wagonjwa wale wale: sukari, presha, lehemu, chakula, mazoezi, kuacha sigara. Walikuwa wagonjwa 160 tu, wakafuatiliwa karibu miaka minane. Mashambulio ya moyo, viharusi na maradhi mengine ya mishipa yalipungua kwa takriban nusu. Hiyo ndiyo njia ninayomtakia baba.

Tuje jikoni kwako.

Nianze na wanga, kwa sababu hapo ndipo penye kosa ambalo halionekani. Baba hatii sukari kwenye chai. Vizuri sana, aendelee. Lakini kikombe kimoja cha wali ulioiva kina kama gramu 45 za wanga, na wanga huo tumboni huvunjwa ukawa glukosi, ile ile inayopimwa kwenye damu. Kwa uzito, hizo ni sawa na vijiko kama 11 vya chai vya sukari. Huingia kwenye damu taratibu kidogo kuliko soda, ila huingia. Sahani ya mwanamume wa Tanga aliyerudi nyumbani na njaa haina kikombe kimoja, ina vitatu. Chapati, maandazi, vitumbua, mkate wa kumimina, muhogo, magimbi, viazi, vyote ni wanga. Nimewaona wagonjwa wengi wanaokunywa chai chungu na maandazi manne, na moyoni wametulia kwamba wanafuata masharti.

Na hapa kuna imani moja ninayokutana nayo kila wiki: kwamba ugali wa dona, wa mtama au wa ulezi mtu wa kisukari anakula atakavyo. Dona ni bora kuliko sembe, hilo halina ubishi, una makapimlo (nyuzinyuzi za chakula) na madini ambayo sembe umeyatupa kiwandani. Lakini kiasi cha wanga kwenye unga wa dona na wa sembe hakitofautiani sana, na ukisagwa laini tofauti inapungua zaidi. Tonge la dona kubwa kama la zamani ni sukari nyingi kama zamani. Uji wa lishe, unaosagwa laini kabisa na kunywewa haraka, hupandisha sukari upesi kuliko nafaka hiyo hiyo ikiwa nzima.

Hii ndiyo sababu namba ya asubuhi imewapumbaza. Sukari kabla ya kula inapima mwili uliolala njaa kwa muda wa saa nane. Haikwambii kilichotokea saa mbili baada ya wali wa jioni, na mishipa huumia saa hizo pia. Siku mbili tatu kwa wiki mpime saa mbili baada ya chakula kikuu. Kwa wengi tunataka isizidi 10. Mkikuta 13 au 14 huku asubuhi ni 6, mtakuwa mmepata jibu lililojificha.

Sahani ya baba igawe kwa macho. Nusu iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, biringanya, kabichi, nyanya chungu. Robo iwe samaki, maharage, choroko, kunde, kuku au yai. Robo iliyobaki ndiyo wali au ugali, kiasi cha ngumi yake. Aanze kula mboga na samaki, wanga aumalizie. Kuna majaribio yaliyoonyesha kuwa mpangilio huo peke yake hupunguza kupanda kwa sukari baada ya mlo. Lakini sikiliza: anameza glibenklamaidi. Ukimpunguzia wanga ghafla na dozi ikabaki ile ile, sukari inaweza kuanguka usiku. Mwambie daktari kwanza, dozi iangaliwe, ndipo upunguze. Na karibu na Ramadhani, jambo la kufunga lizungumzwe kliniki mapema, kwa kuwa mwenye kisukari aliyetoka kupata kiharusi yuko kwenye kundi la hatari kubwa.

Matunda ale mazima, kipande cha papai, chungwa moja, nusu ya embe dogo. Juisi, hata ile uliyoisaga mwenyewe bila sukari, imepoteza sehemu ya kazi ya makapimlo na inaingiza matunda manne kwa mkupuo mmoja. Juisi ya miwa iondoke kabisa. Asali na sukari guru ni sukari. Kahawa chungu ya barazani anywe, kashata aziache.

Chumvi ndiyo ninayotaka uitilie mkazo kuliko yote, kwa sababu ndiyo inayopandisha presha, na presha ndiyo iliyo mbele kwenye kiharusi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ukijumlisha ya chakula chote tangu asubuhi. Sasa hesabu mlo wa kwetu. Papa mkavu na ng'onda wamehifadhiwa kwa chumvi. Achari ya embe na ndimu ni chumvi. Viungo vya mchuzi vya pakiti na vya vipande, sehemu kubwa ya uzito wake ni chumvi. Wali unatiwa chumvi, mchuzi unatiwa chumvi, kachumbari inatiwa chumvi, na kichupa kiko mezani kinangoja. Mkate wa dukani nao unayo. Mgonjwa akiniambia hapendi chumvi, namuuliza achari anakula mara ngapi.

Papa mkavu muweke kwa siku ya nadra, na siku hiyo mloweke, umwage maji, umloweke tena. Siku za kawaida nunua samaki wabichi. Tanga mna bahati ambayo watu wa bara wanaitamani: vibua na dagaa wabichi ni samaki wa bei nafuu, na ndio wenye mafuta yale yanayousaidia moyo. Mchuzi uunde kwa ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, bizari, pilipili, giligilani, ukwaju. Chumvi tia mara moja tu, mwishoni, kwa kijiko. Punguza kidogo kidogo. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache, na baba atanung'unika wiki ya kwanza. China mwaka 2021 walitoa matokeo ya utafiti wa vijiji 600: kaya zilizopewa chumvi ambayo robo yake ni ya potasiamu zilipata viharusi pungufu kwa asilimia 14. Chumvi ya namna hiyo ukiiona dukani usiinunue kabla figo za baba hazijapimwa, kwa sababu figo dhaifu, na baadhi ya dawa za presha kama losartani, huifanya potasiamu ipande hadi kuuhatarisha moyo.

Sasa nazi. Wanaosema ni sumu wamezidisha, na wanaosema ni dawa wamezidisha zaidi. Mafuta ya nazi, zaidi ya asilimia 80 yake, ni yale ya aina inayopandisha lehemu, na majaribio yaliyolinganisha mafuta ya nazi na ya mimea mingine kama alizeti yameonyesha kwamba ya nazi huipandisha lehemu mbaya. Kwa mtu ambaye mshipa wake umeshaziba mara moja, hilo si jambo dogo. Lakini sitakwambia uifute nazi Tanga. Tazama jinsi inavyotumika: wali ni wa nazi, maharage ni ya nazi, samaki amepakwa nazi, na kisamvu nacho kina nazi, vyote kwenye sinia moja. Chagua kimoja. Kama leo maharage ni ya nazi, wali upikwe mkavu na samaki achomwe. Tumia tui jepesi, tui zito liache kwa siku ya wageni, na wiki isiwe na siku za nazi zaidi ya mbili. Mapishi mengine tumia alizeti kidogo, kwa kijiko na si kwa kumimina kutoka kwenye dumu. Mafuta yaliyokwisha kukaangia usiyarudie, na yale magumu ya kopo yaache dukani. Karanga au korosho zisizo na chumvi, kiganja kimoja, na parachichi, vinamfaa. Hispania walijaribu chakula chenye mafuta ya zeituni, njugu, samaki, mboga na jamii ya kunde kwa watu zaidi ya 7,000 waliokuwa kwenye hatari, karibu nusu yao wakiwa na kisukari. Matukio ya moyo na viharusi yalipungua kwa takriban asilimia 30, na palipong'aa zaidi ni kwenye kiharusi. Zeituni kwetu ni ghali, sitakudanganya. Lakini kunde, njugu, mboga na samaki tunavyo sokoni kila siku.

Kutembea nusu saa kila siku, sigara kuacha kabisa, pombe vivyo hivyo: hayo unayajua, sitayarefusha.

Jambo moja la moyo naomba ulishike. Mtu aliyekaa na kisukari miaka mingi mishipa yake ya fahamu inaweza kuwa imekufa ganzi, na moyo ukapata shambulio bila yale maumivu makali ya kifua yanayosimuliwa. Baba akichoka ghafla bila sababu, akakosa pumzi kwa kupanda ngazi alizozizoea, akatoka jasho jingi la baridi au akasikia kichefuchefu asichokielewa, msimpe dawa ya gesi mkangoja asubuhi. Apimwe moyo.

Haya si ya nyumba yako peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 Tanzania Bara ulikuta takriban asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari na asilimia 26 wana presha, na wengi wao walikuwa hawajui. Miaka michache kabla ya hapo, watafiti walilinganisha wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa na viharusi vipya kama 109 kwa watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam kama 316. Mara tatu, ndani ya nchi moja. Tofauti hiyo inaniambia kwamba namna tunavyoishi, chakula kikiwemo, ina sehemu kubwa katika balaa hili.

Ukauliza kuhusu ninyi watoto. Mna hatari zaidi ya mtoto ambaye mzazi wake hana kisukari, na ndiyo maana chungu kiwe kimoja nyumbani. Usimpikie baba chakula cha mgonjwa pembeni huku wengine mnakula sinia la zamani mbele yake. Atakula na ninyi, na yeyote angefanya hivyo. Kila mmoja wenu mwenye miaka 30 na kuendelea apime presha, sukari kabla ya kula, na kiuno. Sukari kuanzia 7 kwa vipimo viwili ni kisukari. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9 bado mna nafasi. Marekani, mwaka 2002, watu 3,234 waliokaribia kupata kisukari waligawanywa katika makundi. Waliobadilisha chakula, wakatembea dakika 150 kwa wiki na kulenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao, kisukari kiliwapungua kwa asilimia 58. Waliopewa metformini kiliwapungua kwa asilimia 31. Wewe unayepika na kuonja siku nzima, anza na wewe kupimwa, siku hiyo hiyo utakayompeleka baba.